Upande Usiopindwa wa Mkeka wa Zawadi

Ulikuwapo wakati, watu wangu, ambapo mkeka haukutoka kwa msukaji mpaka pindo zake zote nne ziwe zimeshonwa. Tena zamani hizo mama aliyeoza binti hakukanyaga kwa wakwe mpaka awe amemsukia mwanawe mkeka kwa mikono yake mwenyewe, wenye nakshi ambayo hakuna aliyepata kuiona. Akienda mikono mitupu, amemwaibisha binti yake. Akienda na nakshi ya kuiga, ndiyo kabisa. Ndivyo walivyojiwekea, na sijasikia kwamba kuna mtu aliyekaa akajiuliza ilikuwa na maana gani.

Katika kijiji cha Kivunde alikuwapo msukaji aitwaye Bi Mize. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Chiku, na huyo Chiku aliolewa Magomba, mwendo wa nusu kutwa kwa miguu. Siku ya kumtoa, Bi Mize alimwambia asilie, kwa kuwa atamfuata kabla mvua hazijaanza. Na alikuwa na nia hasa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ukili wake, ule utepe unaosukwa kisha ukaungwa kuwa mkeka, ulikuwa mwembamba uliobana vizuri, na wanawake walitoka mbali kuja kutazama anavyochovya miyaa, yale majani ya mkindu ya kusukia, kwenye rangi. Ingekuwa ni kusuka tu, mwezi mmoja ungemtosha.

Kilichomkwamisha ni nakshi. Ile ya mifupa ya samaki ilikuwa imejaa kila nyumba, na ile ya madoa ya kanga alikwisha kumsukia jirani. Basi akawa anashinda akitafuta. Mara utamkuta amechuchumaa anamkodolea kinyonga, mara anafuata nyayo za kuku kwenye majivu, mara amesimama mbele ya mgomba anachungulia mistari ya jani. Akipata kitu huanza, akasuka pima mbili, akautazama ukili, akaufumua wote. Majirani walimtania kwamba anamtafutia Chiku nakshi ya peponi. Yeye hakucheka. Mvua zikanyesha, zikakatika, na mkeka bado.

Chiku akaleta salamu kuuliza kama mama yake ni mzima. Akajibiwa kuwa ni mzima, asiwe na haraka. Salamu za pili zilisema Chiku anaumwa homa isiyopoa, amekonda, na hamu yake ni kumwona mama yake. Bi Mize alilia siku hiyo, alilia sana. Kisha, badala ya kujifunga kibwebwe akaenda, akazidisha kuitafuta nakshi. Alijiambia kwamba mtoto mgonjwa ndiye hasa anayestahili kulazwa juu ya kitu kizuri.

Hatimaye aliipata akiwa anamsuka nywele binti wa jirani. Alipogawa nywele kwa kitana, vidole vyake vikakumbuka kichwa kingine. Vilikumbuka njia saba alizokuwa akimsukia Chiku tangu utotoni, zinazoanzia kwenye paji la uso, zikifika nyuma ya sikio la kushoto zinapinda kidogo kulikwepa kovu la alipoangukia kinu. Nakshi ilikuwa mikononi mwake miaka yote! Bi Mize akainuka pale pale, akamwacha binti wa watu na kichwa nusu, akaenda kuchemsha rangi nyeusi.

Alisuka kwa siku ishirini. Akaunga kili zake, akashona upindo wa kwanza na wa pili. Adhuhuri moja akamwona Mbwana, shemeji yake Chiku, amesimama uani, vumbi mpaka magotini. Alipopewa maji hakuyapokea.

"Mama, twende," alisema. "Twende sasa hivi, tusingoje jua lipungue."

Bi Mize aliutazama mkeka. Pande mbili nyuzi zilikuwa bado zinaning'inia. Kila kilichokuwa ndani yake kilitaka kutoka mbio, lakini akawaza wanawake wa Magomba watakavyomtazama, na maneno yatakayobaki masikioni mwa mwanawe akishapona.

"Niache nimalize, baba," akasema. "Nikifika na mkeka wenye nyuzi watamcheka mwanangu, na homa yake hiyo hiyo."

Mbwana hakumlazimisha. Naye alikuwa amelelewa katika desturi ile ile, na aliona mama amesema sawa. Akarudi peke yake.

Upindo wa tatu Bi Mize aliumaliza jua likizama. Wa nne aliushona asubuhi, bila hata kunywa uji, sindano ikimchoma vidole kwa haraka aliyokuwa nayo. Kisha akaukunja mkeka, akajitwika, akaenda nusu anatembea nusu anakimbia. Njia nzima alijiliwaza kwa kuwaza Chiku atakavyoutazama, aguse kichwa chake, acheke.

Alifika Magomba alasiri. Wanaume walikuwa nje wakinawa udongo mikononi, majembe yameegemezwa ukutani. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Chiku alikuwa amefariki asubuhi, na ndiyo kwanza walikuwa wametoka kumzika. Hata uso wake mama mtu hakuuwahi.

Bi Somoe, mama mkwe wa Chiku, alimpokea na kumkalisha. Walipolia mpaka wakachoka, Bi Mize akauliza mwanawe alisema nini mwishoni. Pengine Bi Somoe alitaka kumficha, lakini hakuwa mtu wa kudanganya.

"Kila mlango ukifunguliwa alikuwa anauliza kama ni wewe," alisema. "Mkeka hakuutaja hata mara moja, dada yangu."

Wanawake wakaukunjua mkeka. Wale waliomwosha Chiku asubuhi ile waliziona njia saba na ule mpindo wa kushoto, wakajifunika nyuso kwa kanga zao. Bi Mize hakulia tena. Aliomba kisu, akauvuta upande wa nne mapajani, akaanza kukata uzi mmoja baada ya mwingine.

"Hapa ndipo nilipokuwa napinda wakati mwanangu anakata roho," akawaambia. "Hapa. Asiketi mwanamke mwingine kwake anapinda mkeka wakati anaitwa."

Alikata mpaka upindo wote ukafumuka. Wanawake wa Magomba hawakumzuia, wakayabeba maneno yake kila walikoolewa na kila walikooza. Mkeka wenyewe haukuwahi kupindwa tena. Ulifumuka kidogo kidogo kuanzia upande ule, mpaka njia zote saba zikapotea.

Na tangu siku hiyo mkeka wa kumpelekea umpendaye hutoka nyumbani na upande mmoja bado haujapindwa. Ukifika, mwenyeji hukupa sindano, mkaketi pamoja, mkaumalizia huku mkizungumza. Kwa hiyo ukimwona mama njiani amejitwika mkeka wenye nyuzi zinazopeperuka, usimcheke, wala usidhani miyaa imemwishia. Huyo anataka kufika.