Mume wa Kioo na Mayai ya Mama Mkwe

Aliyekaa na akae vizuri, maana hadithi hii ina mayai ndani yake, na mayai hayataki mtu wa kujitupatupa.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Vidimbwi vilibaki matope, matope yakabaki vumbi. Wanyama wakakonda, na Fisi akakonda kuliko wote, maana alizoea kula vya wenzake, na sasa wenzake hawakuwa na cha kuliwa.

Katika kutangatanga akamwona Kasuku, ndege mdogo wa kijani asiye na mume, amekaa juu ya tawi kavu anachambua mbegu moja tangu asubuhi. Fisi akameza mate, kisha akajizuia. Ndege mwenyewe alikuwa tonge moja tu. Lakini mayai! Ukichukua la leo, kesho kutwa lipo jingine.

"Binti yangu," akasema, "uzuri wote huo na bado unalala peke yako?"

"Mzee Fisi, kiangazi hiki nani anaoa?" Kasuku akamjibu. "Ndege mwenye akili hutaga mvua ikinyesha na chakula kikiwa tele. Mimi hata mate ya kumeza sina."

"Chakula niachie mimi. Na mume niachie mimi. Kuanzia leo mimi ndiye mshenga wako."

Fisi alikuwa mvivu wa kila kazi isipokuwa hila. Akaenda barabarani akaokota kioo cha pembeni kilichodondoka kwenye lori. Akaviringisha gogo lenye tundu mpaka chini ya kichaka, akatandika humo maganda laini ya miti. Akaiba uwele kwenye uwanja wa kupuria wa watu, akauloweka ukalainika kama uji wa mgonjwa. Mwisho akakiegemeza kioo mlangoni mwa gogo, kikalirusha jua la jioni mpaka ndani, siku ya humo ikawa ndefu kuliko siku za wengine.

"Mwali, njoo umwone bwana harusi!"

Kasuku akachungulia. Loo! Kijana wa kijani, mdomo umepinda vizuri, jicho linamwelekea yeye tu. Akainamisha kichwa, kijana naye akainamisha. Akatikisa mkia, kijana naye akatikisa.

"Ana adabu," Kasuku akasema, moyo ukimwenda mbio. "Mbona hasemi?"

"Kwao mume hasemi na mkewe mpaka mayai yatimie saba kiotani. Ni mila."

Mila gani hiyo? Haipo! Lakini mwenye kutaka mume hasikii la mtu. Fisi akampapasa mgongo kwa mkia wake, na kila ndege anajua kwamba kukunwa kichwani ni salamu, mgongoni ni kazi ya mume. Kasuku akasisimka mpaka kucha.

Mwili wa ndege hauna kalenda. Tumbo lilimwambia mvua imenyesha. Mwanga ukamwambia msimu umefika. Kiota kikamwambia kaa. Siku kumi hazikwisha, Kasuku akataga yai jeupe, dogo, la mviringo.

Asubuhi Fisi akaja akiwa na sura ya msibani. "Hongera, mwanangu. Sasa nilete habari yenyewe: kwa kina mumeo, mayai hulelewa na mama mkwe. Nimetumwa kulichukua."

"Hata sijalikalia!"

"Unataka kumvunjia heshima mama mkwe siku ya kwanza?"

Kasuku akalitoa. Fisi akazunguka nyuma ya kichaka, kikasikika kishindo kidogo cha taya, kisha kimya. Kesho kutwa yai la pili. Mama mkwe akatuma salamu. La tatu, la nne, la tano, mama mkwe hakuchoka kutuma salamu. Na kwa kuwa kiota kilikuwa kitupu kila siku, mwili wa Kasuku ukafikiri kazi haijaanza, ukazidi kutaga.

Tabia nayo ikamgeuka. Yeye aliyekuwa mcheshi akawa mkali kama pilipili kichaa. Akawa akitafuna ukuta wa gogo, akimfukuza kila apitaye, na kutwa akimtapikia mumewe chakula mdomoni, kama wake wa ndege wapendavyo. Uwele ulichuruzika kwenye kioo. Kasuku alidhani mume hana hamu ya kula.

Kwale, shoga yake wa siku nyingi, akaja kumjulia hali.

"Hodi, shoga!"

"Hakuna hodi hapa! Umekuja kumtazama mume wangu!" Kasuku akarukia nje, akamng'ata Kwale shingoni.

"Yalaa! Mume yupi? Mimi naona kioo na matapishi!"

"Wivu huo!"

Kwale alikuwa mtu wa kusema kweli, akamwangalia vizuri kabla ya kuondoka. Manyoya yamefifia. Miguu inatetemeka, kucha hazishiki. Tumbo limevimba upande mmoja.

"Umetaga mangapi, shoga?"

"Kumi na moja," Kasuku akasema, na sauti ikamshuka. "La kumi na mbili tangu jana linanikatalia kutoka. Na mume wangu naye kakonda, masikini. Kila ninavyodhoofu naye anadhoofu. Ni mapenzi."

Kwale alikuwa ameona ndege wakifa na yai tumboni. Akakimbia mbio mpaka shimoni kwa Sungura, aliyekuwa amelala chali.

"Kaka Sungura, amka! Kasuku anakufa, na Fisi ndiye anayekula mayai yake."

"Nikija nitapata nini?"

"Utapata kumcheka Fisi."

Sungura akaketi. "Hicho chatosha kula na kuvaa."

Walipofika, Kasuku alikuwa amelala sakafuni mwa gogo, mdomo wazi, anapumua kwa shida, mkia ukipanda na kushuka. Hata kung'ata hakuweza.

"Shemeji hajambo?" Sungura akauliza. "Tumekuja kumsalimu kwa heshima zote. Muulize mama yake anaitwa nani."

"Hasemi mpaka mayai saba."

"Kumbe! Na mama mkwe anayachukua yasifike saba. Ukoo wenye hesabu kali huo." Sungura akakishika kioo, akakigeuza kidogo. "Mtazame tena mumeo."

Kasuku akainua kichwa kwa shida. Bwana harusi hakuwapo. Palikuwa na masikio mawili marefu na meno ya mbele.

"Mume wangu kawa sungura!"

"Mumeo ni yeyote anayesimama hapa mbele, dada. Alikonda kwa sababu wewe ulikonda."

Kasuku akautazama uwele uliokaukia kwenye kioo. Halafu kwa sauti ndogo akasema, "Basi uwele wangu wote ule…"

"Ulikuwa unakilisha kioo."

Hapakuwa na muda wa kulia. Kwale, na shingo yake iliyochanwa, akamkalia Kasuku chini ya mbawa kama anavyokalia kifaranga, mpaka akapata moto. Sungura akatafuta magamba ya konokono, akayasaga kwa jiwe yakawa unga, wakamlambisha na maji kidogo kidogo, maana mayai yalikuwa yamemaliza chokaa yote ya mifupa yake. Jua lilipogeuka, Kasuku akapiga ukelele mmoja, na yai la kumi na mbili likatoka, ganda laini kama ngozi ya zabibu.

"La mwisho," akasema Kwale.

"Si la mwisho kama kiota kitabaki kitupu," akasema Sungura. Akateremka kwenye mto mkavu, akarudi na vijiwe saba vya gumegume, vigumu kama chuma, vyeupe, vya mviringo, saizi ile ile ya mayai. Akavipanga ndani. "Vikalie. Mwili ukiona kiota kimejaa, utafunga duka. Jua likizama nawe lala, kioo nakiondoa. Uwele wa kulowekwa basi, utakula mbegu kavu kama sisi masikini. Na mgongo wako asiuguse mtu."

"Na Fisi?"

"Akija, mwambie mama mkwe kapata bahati, saba kwa mpigo, laini na matamu."

Kasuku akakunja uso. "Nimedanganywa mwezi mzima, nami nidanganye? Sitaki. Nitamwambia kweli."

"Utaharibu kila kitu!"

"Nitamwambia kweli, kaka Sungura. Wewe kajifiche ucheke."

Kulipokucha Fisi akafika, mate mbele, yeye nyuma. Akatia kichwa gogoni, na macho yakamtoka. Saba! Kawaida yake lilikuwa moja, na saba pamoja hajapata kuyaona.

"Mama mkwe anakusalimu sana," akasema haraka.

"Mzee Fisi," Kasuku akasema, "nakwambia mbele ya jua. Haya ya leo si ya kula. Ni magumu kama mawe."

"Ndiyo kiangazi hicho, mwanangu. Vyote vimekauka."

"Chukua moja kwanza, ujaribu."

Lo, Fisi achukue moja? Asije mtu akayawahi yaliyobaki! Akapanua kinywa, akayazoa yote saba pamoja, akafumba macho, akang'ata kwa nguvu zote za taya zilizozoea mifupa ya nyati.

KRAAK!

Sauti hiyo ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Nyuma ya kichaka Sungura akaanguka chini, akijipigapiga mapaja.

"Mamangu!" Fisi akalia, damu na vipande vya meno vikimtoka. "Meno yangu! Umeniua!"

"Nilikwambia ni magumu," akasema Kasuku. "Msalimu mama mkwe."

Fisi akatoka mbio, mkia katikati ya miguu. Tangu siku hiyo alikula vilivyooza tu, maana kigumu hakuweza tena.

Kasuku akamwomba Sungura amwokotee vijiwe vyake, akavipangusa mate, akavikalia. Wiki ya kwanza alivikalia kwa mapenzi. Wiki ya pili kwa mazoea. Wiki ya tatu akavitazama, akaviona ni mawe, akapiga miayo na kuruka zake nje. Mwili ulikuwa umetulia. Akampitia Kwale, akamwomba radhi kwa kumng'ata shingo.

Mvua ikaja yenyewe mwezi wa pili baada ya hapo, na pamoja nayo akaja kasuku dume, wa nyama na manyoya, mwenye sauti ya kukwaruza. Akatua kwenye tawi, akaimba kutwa nzima. Kasuku akamsikiliza mpaka mwisho.

"Unaimba vibaya," akamwambia, "lakini unaimba mwenyewe. Nina swali moja tu."

"Uliza."

"Mama yako anakula mayai?"

"Mama yangu anakula mtama!"

"Basi panda juu tuzungumze."

Na Fisi, akipita chini yao na ufizi wake mtupu, hakuinua hata macho. Mtaka yote hukosa yote.