Bi Mhanga Apima Udongo wa Nyati

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Zamani hizo, katika nchi kame, palikuwa na bonde. Mto ulilifurikia mara moja kwa mwaka. Maji yakishuka, nyasi zinaota. Nyati na kundi lake wakakaa upande wa mashariki. Wakala. Wakalala. Wakakanyaga, tifu! tifu! tifu! Miaka nenda, miaka rudi, hawahami.

Mwaka mmoja mafuriko yakaja, yakaondoka. Nyasi? Hakuna. Maziwa ya majike yakakauka. Ndama wakalia, mbuu, mbuu!

Bi Mhanga, yule mchimbaji wa mashimo, akawasikia. Moyo ukamuuma. Akaja na pua yake ndefu, akanusa chini.

"Bwana Nyati, udongo wako umekufa."

"Umekufa! Tanga tunaweka lini?" Kundi zima likaangua kicheko.

"Humo ndani wanaishi vijidudu. Ndio wanaozilisha nyasi. Mmewakanyaga hadi hawapumui."

"Nioneshe mmoja!"

"Hawaonekani, bwana. Ila kazi yao inapimika."

Akachimba, fuku fuku fuku, shimo moja hapo. Akavuka, akachimba jingine upande wa magharibi, wasikokula. Majani makavu kumi huku, kumi kule. Akafukia.

"Tusubiri mwezi."

Nyati hakumwamini hata kidogo. Akayalinda mashimo mwenyewe, mara hili, mara lile, macho kodo!

Mwezi ukaisha. Wakafukua mashariki: majani kumi, mazima, makavu vilevile. Wakafukua magharibi: vijiti vitupu vya majani! Na udongo mweusi, unanukia mvua.

"Nani kayala?" Nyati akafoka. "Nimelinda mwenyewe! Hajapita mtu!"

"Ni hao usiowaona."

Nyati akawatazama ndama, mbavu nje. Aibu ikamshika.

"Bi Mhanga, nifanyeje?"

"Hameni. Msimu huu mle magharibi, huku kupumzike. Kisha mbadilishe. Mimi nitapima."

Wakahama. Bi Mhanga akapima, akapima tena. Mafuriko ya tatu yaliposhuka, mashariki kukawa kijani, ndama wakanenepa kama mapipa.

Na Nyati? Lile dume zima, tangu siku hiyo likatembea kwa ncha za kwato, likiinamia chini: "Samahani, wakubwa. Napita tu."

Basi, wadogo kwa wakubwa: ardhi inayokulisha, ipumzishe, na usimdharau anayefanya kazi kwa kuwa humwoni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye njaa akale, mwenye usingizi akalale.