Jina Letu la Haugen Lilivyotufikia

Makubwa haya! Mnataka kuliuza shamba la Haugen, kisha mwendelee kujiita Haugen? Hebu kaeni chini, wajukuu zangu. Hamjui jina lenu lilikotoka.

Hapo kale, huko Norwei kwenye milima ya baridi, jina la ukoo halikutoka kwa baba. Lilikuwa la shamba. Aliyelima shamba la Haugen aliitwa Haugen. Akihamia kwingine, aliliacha jina pale pale, akachukua la shamba alilolikuta. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matatu! Niliposimuliwa hayo nilibaki mdomo wazi.

Seremala mmoja, Ola, alifukuzwa na njaa huko kwao Haugen. Akavuka bahari hadi huku kwetu Upare. Wazee wakampa kipande cha mlima, naye akakiita Haugen ili asibaki mtu asiye na jina. Hakuoa. Babu yangu Sengondo ndiye aliyelima naye, na Ola alipougua ndiye aliyemuuguza.

Siku alipozidiwa, Ola aliwaita wazee. "Shamba namwachia Sengondo," akasema. "Kuanzia leo, Haugen ni yeye."

Lo, salaale! Watu walipigwa na butwaa. Bibi yangu aliangusha kibuyu cha uji. Baba mkubwa wa Sengondo akafoka, "Mtu kuitwa shamba! Kwani wewe kiazi? Ukilichukua jina hilo, kwenye tambiko sikutaji!" Na kwetu, asiyetajwa kwenye tambiko ni kama hakuzaliwa.

Sengondo alilia mbele za watu, mwanamume mzima. Angekataa, shamba lingekuwa pori na kaburi la rafiki yake lisingekuwa na wa kulipalilia. Ola alipozikwa pale shambani, Sengondo akachukua jembe, akashuka kulima. Baba mkubwa naye hakutania. Alimfuta kweli, yeye na uzao wake wote. Sengondo alipokufa tulimzika humu humu, ubavuni mwa Ola.

Na tangu siku hiyo, anayelima hapa ndiye Haugen, na anayeondoka huliacha jina hapa. Huko kwa akina Sengondo tulishafutwa, hakuna wa kutupokea. Basi huyo mnunuzi wenu akiingia tu, Haugen ni yeye. Nanyi, wajukuu zangu, siku hiyo nitawaita akina nani?