Makame Watatu na Jozi Moja ya Viatu

Hapo zamani, si zamani ya kumsahau mtu, mpiga ngoma Makame na mkewe Mwanakombo walikwenda kulitazama hekalu kubwa la Wahindi, lile ambalo watu walitoka nchi za mbali kuja kulishangaa. Hawakwenda kusali. Walikwenda kutembea, kama ambavyo mimi na wewe tungekwenda.

Mlangoni wakavua viatu. Kuhani Vasant, mzee wa kauli ya upole, akawaeleza kwamba chumba cha mungu huzungukwa mara tatu, na ukizunguka, chumba kiwe mkono wako wa kulia. Adhuhuri pazia hufungwa, mungu akapumzika.

Sasa, mazoea yana taabu. Kwao Makame, duara la ngoma huzunguka upande mwingine, na miguu yake haikujua njia nyingine. Hakufanya kwa kiburi, msije mkamsingizia. Mke akaenda huku, mume akaenda huko.

Nyuma ya chumba, penye kiza na harufu ya ubani, wakakutana. Mwanakombo akatabasamu, Makame akampita kama hamjui. Mzunguko wa pili wakakutana, akampita. Wa tatu wakakutana, akampita, na safari hii Mwanakombo akasikia nyayo za wengine zikimfuata mumewe. Hakuthubutu kugeuka.

Alipotokea uani, jua likiwa utosini, aliwakuta Makame watatu wamesimama mbele ya jozi moja ya viatu.

Kuhani alikuwa ameshafunga pazia. Alipowaona aliketi chini kwa huzuni. Akasema kila mzunguko wa kinyume humtoa mtu kitu kimoja, kikasimama peke yake kwa sura yake, na vitu hivyo haviungani tena. Mmoja tu atavaa viatu na kutoka langoni. Kengele ya kumwamsha mungu ikilia, waliobaki watakuwa mawe ukutani, pamoja na wale wengine.

Hapo ndipo Mwanakombo alipoutazama ukuta vizuri. Kati ya wachezaji wa mawe, mmoja alivaa kofia ya viua, kama ya watu wa kwao. Mwingine alishika mwavuli.

Aliogopa. Lakini mume ni wake, afanyeje? Akawauliza mmoja mmoja.

Wa kwanza akasema, "Mimi nakumbuka yote, mke wangu. Nakumbuka mvua ya siku ya harusi yetu. Nakumbuka mtoto tuliyemzika kabla hatujampa jina. Ukiniacha, nani atamkumbuka pamoja nawe?" Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama mtungi.

Wa pili hakumjua hata jina. Ila kovu la goti lilikuwa la Makame, jasho lilikuwa lake, na moyo ulimdunda kifuani. Akasema, "Sikujui, bibi, lakini mimi ndiye niliye hai. Mwili huu ndio uliolala ubavuni mwako. Jina lako utanifundisha."

Wa tatu alikuwa baridi kama wa kwanza, tena hakumbuki kitu kama wa pili. Alimtazama tu Mwanakombo, machozi yakamtoka.

"Sijui wewe ni nani," akasema. "Najua tu kwamba sitaki urudi nyumbani peke yako. Mchukue mmoja wa hawa, mimi uniache."

Mwanakombo akainama, akaviokota viatu. Akamtazama huyu, akamtazama yule, akarudi kwa huyu. Alimtaka mumewe mzima, na mzima hayupo. Juu yao kengele ikaanza kutikisika, na hakuna aliyekuwa ameigusa.

Basi, nyinyi mlioketi hapa, mmoja ana maisha yao yote, mmoja ana pumzi, na mmoja ana pendo lisilojua lampenda nani. Wewe unayetikisa kichwa, usinijibu upesi. Mtazame kwanza mwenzio uliyekuja naye. Je, Mwanakombo aondoke na nani, na awaache nani wawe mawe?