Kamba za Dungu la Siwema

Kamba hufukuza ndege, mbio hukuza mtoto. Mliusikia msemo huu jana, wanangu, mkataka kujua ulitoka wapi. Tulieni basi, kwani ulizaliwa katika mashamba ya mpunga.

Kule bonde la Rufiji, mpunga unapotia maziwa, ndege hushuka kama wingu lililochoka kuelea. Hapo watoto huamia, yaani hushinda wakikimbia juu ya matuta na kupiga kelele ili ndege wasitue.

Bi Mwajabu alikuwa amezika watoto wawili kabla ya kumpata Siwema. Kila alipomtazama binti huyo wa miaka tisa, aliona miiba na nyoka wakimngoja. Kwa hiyo alimjengea dungu, jukwaa refu la miti, katikati ya shamba. Akatandika mkeka, kisha akafunga kamba kutoka pale hadi kila pembe, na kwenye kamba akatundika vibuyu vyenye kokoto. Siwema alivuta tu. Vibuyu vililia mbali, ndege wakaruka, naye akajilaza tena. Vitumbua vilimfuata huko huko juu, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Misimu mitatu ikapita hivyo, laini kama ndoto ya mchana. Mtoto akanenepa, wapita njia wakamsifu mama kwa matunzo, naye akalala akitabasamu.

Asubuhi moja ya ukungu, kamba ya pembe ya mashariki ikakatika. Siwema akashuka kwenda kufukuza ndege. Mwajabu, aliyekuwa akipalilia ng'ambo, alikiona kichwa cha bintiye kikielea juu ya mpunga, kisha kikazama. Alimkuta ameketi kwenye tuta, mkono kifuani, pumzi ikipiga filimbi.

Watoto wa shamba jirani wakacheka. "Siwema, mwambie mama afunge kamba mpaka uwanjani, tukuvute uje kucheza."

Pumzi iliporudi, Siwema aliuliza taratibu, "Mama, wao walizaliwa na miguu mingine?"

"Hapana, mwanangu. Mimi nilikuwa nakuepusha na miiba."

Bi Somoe, jirani mzee, alikuwa amefika na kata ya maji. Akamnywesha mtoto kwanza. "Mwajabu mwanangu, usinichukie. Ndege umewafundisha kuruka, mtoto umemfundisha kukaa."

"Nikimpoteza huyu, bibi, nitabaki na nani?"

"Na ukimfunga kule juu, umebaki na nani?"

Mwajabu akachukua panga, akakata kamba zote, akajifunga khanga kiunoni na kumshika binti mkono. Siku hiyo walifika tuta la tatu kwa kutembea, wakapumzika. Kesho yake walifika la tano. Vitumbua vikawa vya sikukuu. Siku nyingine walikula pamoja nyumbani, wali kidogo, mboga tele na samaki. Ndege nao wakala pembe nzima ya mashariki.

Mpunga ulipoiva, Siwema ndiye aliyetangulia mbio, na mama ndiye aliyeita, "Ningoje." Ukungu uliwafunika wote wawili, vicheko vikabaki vikielea juu ya masuke.

Wavunaji walipoikuta pembe ile tupu, walimshangaa. "Mwajabu, kamba zako zilikuwa hazishindwi. Ulizikatia nini?"

Mwajabu alikuwa bado anahema. Akamsindikiza bintiye kwa macho hadi mwisho wa tuta.

"Kamba hufukuza ndege," akasema. "Mbio hukuza mtoto."