Mtungi wa Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, hata walio nyuma wasikie.

Hapo zamani za kale, Alhamisi moja, saa nane mchana, Kenge mwenye chemchemi aliteremka hadi kijiji cha Ukwaju. Akasema, "Kesho jua likichomoza natoboa mwamba, nanyi mlaze mianzi maji yawafikie. Mwataka kiasi gani? Tundu likiwa dogo, mtakauka. Likiwa kubwa, chemchemi itaisha kabla ya masika. Nami natoboa mara moja tu!"

Macho yote yakamgeukia Siwatu, binti aliyesoma hesabu ng'ambo ya mto. Huko Ukwaju ni mwiko kuhesabu watu, basi akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza mitungi.

Kwa Mama Chausiku: "Hodi! Kwa siku mwatumia maji kiasi gani?"

"Karibu, mwanangu, nawa miguu kwanza. Mitungi miwili tu."

Kwa Mzee Kobe: "Hodi! Mwatumia kiasi gani?"

"Karibu, binti, nawa miguu kwanza. Mitungi miwili tu."

Kwa Bi Mize, na kwa wote waliobaki: nawa miguu kwanza, mitungi miwili tu.

Jioni akapanda kwa Kenge huku akirudia hesabu. Viatu vikalia chwa, chwa, chwa. Akasimama ghafla. "Maji haya ya miguuni mwangu yametoka mtungi gani?"

Akarudi mbio kwa Bi Mize. "Bibi, mtungi ule wa mlangoni mbona hukuutaja?"

"Ule wa mgeni, mjukuu wangu! Maji ya mgeni nayo huhesabiwa? Choyo hicho umekisomea wapi?"

"Lakini huisha?"

"Kila siku! Hapa si njia panda?"

Akapita tena nyumba zote. Kila mlango na mtungi wake.

"Mitungi mitatu kila nyumba," akamwambia Kenge.

"Una hakika? Mbona miguu yakutetemeka?"

"Miguu ndiyo, babu. Hesabu haitetemeki."

Kenge akacheka mpaka mkia ukapiga mwamba.

Kulipokucha akatoboa. Maji yakafika nyumba ya kwanza, yakafika ya katikati, yakafika ya mwisho, na juu chemchemi imejaa vilevile. Bi Mize akapiga kigelegele. Siwatu akashusha pumzi ndefu, akaketi juani, akafumua misuko yake, akaosha nywele polepole, mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipofika, ikaketi.