Mlinda Lango wa Bondeni

Mwaka ule mvua iligoma, na katika nchi yote ya wanyama kikabaki kisima kimoja tu chenye maji. Vyuo viwili, Bondeni na Mlimani, vikakigombania mpaka wanyama wakang'atana masikio. Mwisho wakaafikiana: bingwa wa kandanda msimu huo ndiye atakayekunywa kwanza hadi masika.

Bondeni hawakufungwa hata mechi moja. Nahodha wao alikuwa Simba, aliyeamini kila bao ni lake hata akifunga mwingine. Pembeni alikimbia Sungura. Langoni alisimama Fisi, kwa ajili ya mikono yake mirefu.

Siku moja kabla ya fainali, Sungura alimwona Chui, nahodha wa Mlimani, akinong'ona na Fisi nyuma ya jiko la chuo.

"Ukiachia mabao matatu, paja zima la mbuzi ni lako."

"La kuchoma?" Fisi akauliza, udenda ukimtoka.

"La kuchoma."

Sungura akaenda mbio kwa Simba. "Nahodha, Fisi ametuuza!"

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Nani athubutu kunisaliti mimi? Nenda zako na umbea wako."

Enzi hizo mpira ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, nao ulipakwa mafuta usikauke. Asubuhi ya fainali Sungura akaiomba kazi hiyo. Akachota mafuta ya mbuzi jikoni, akausugua mpira hadi ukanukia karamu.

Twiga, aliyekuwa refa, akapuliza kipenga. Chui akaachia shuti la kwanza. Fisi alikwisha kuegemea upande mwingine, lakini harufu ikampiga puani, na kabla hajajijua ameurukia mpira na kuukumbatia. Shuti la pili akalidaka, akaulamba mpira. La tatu, la nne, hata la saba, hakuna lililopita. Mashabiki wa Bondeni wakaimba jina lake.

Mwishoni Sungura akapiga krosi; mpira ukamgonga Simba kisogoni, ukatumbukia wavuni.

"Nilikusudia!" Simba akanguruma.

Chui akajaribu mara ya mwisho. Fisi akadaka. Hapo uvumilivu ukamwisha Chui, akamvamia mbele ya umati wote.

"Wewe! Si tuliagana mabao matatu? Mbona unadaka?"

"Nifanyeje, ndugu yangu?" Fisi akalia. "Mpira unanukia!" Akaung'ata mpira, nao ukapasuka pwaa! usoni mwake.

Twiga akamaliza mchezo, na Bondeni wakawa mabingwa. Simba akamtazama Sungura, akafungua kinywa kuomba radhi, akakifunga. Kisha akasema kwa sauti, "Nilijua tangu jana."

Sungura akameza kicheko.

Fisi akafukuzwa Bondeni. Akakimbilia Mlimani kudai paja lake, wakampokea kwa mawe. Hadi masika alikunywa tope la mwisho kisimani, nyuma ya vyuo vyote viwili. Mshika mbili moja humponyoka.